Kiti cha Mlangoni, Ijumaa Saa Kumi

Wanangu, nimestaafu.

Msicheke. Najua nina miaka kumi na saba, najua bado navaa sketi ya shule, na najua kuna mwalimu wa hesabu ambaye hajamalizana na mimi. Lakini mtu akishika kazi moja tangu Kidato cha Kwanza mpaka Kidato cha Nne, bila likizo ya Agosti wala ya Krismasi, siku akiiacha huyo ni mstaafu. Hata mgongo umeanza kuniuma. Nimejaribu kukohoa kizee na naona inakubali.

Kazi yenyewe mnaijua kwa sababu mmeikataa. Ni ile ya kukaa kwenye kiti cha mlangoni, pale kigangoni kwetu, kila Ijumaa kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja, watu wakiwa ndani wanasali bila kutoa neno. Hakuna wimbo. Hakuna rozari ya sauti. Padre hayupo, maana padre wetu ni wa kuonekana mara moja moja akishuka kutoka parokiani na pikipiki. Kuna taa nyekundu kando ya tabernakulo, kuna mabenchi, kuna watu, basi. Anayekaa mlangoni anakilinda hicho kimya, kama vile mnavyotumwa kulinda wimbi lisiliwe na ndege.

Na sharti pia mnalijua. Mwenyekiti wa kigango alilitamka mbele ya kila mtu: Ijumaa moja tu kile kiti kikikaa kitupu, saa hiyo inakuwa ya mazoezi ya kwaya. Sasa mimi nina mtihani wa mwisho mbele yangu, na baada ya mtihani sijui nitapelekwa wapi. Kwa hivyo msione naandika haya kujisifu. Kidogo najisifu. Lakini hasa nataka mtu akalie kile kiti.

Mimi niliajiriwa kwa kosa. Jina langu ni Kemunto, ila kuanzia hapa mpaka kiwanda cha chai cha Itumbe naitwa Redio, na mama yangu huongezea, "isiyo na kitufe." Jumapili moja padre ameinua hostia, kengele imelia, watu wote wameinama, tumbo la bwana mmoja aliyepiga magoti mbele yangu likanguruma. Halikunguruma kawaida. Lilianzia chini, likapanda, likageuka mwishoni kama mtu anayeuliza swali. Nami nikalijibu. Nilisema, "Amina." Polepole tu, lakini benchi letu zima lilianguka kwa kicheko.

Misa ilipoisha nikaitwa na katekista, Mwalimu Ombati. Nyinyi wadogo mlimkuta amezeeka. Hata wakati huo alikuwa mzee, mfupi, amevaa koti la mtu mwingine, anatembea kama amebeba yai. Nilijua nakula kiboko.

"Redio."

"Naam, Mwalimu."

"Kanisa lilikuwa limetulia. Wewe ulisikiaje tumbo la mtu?"

"Lilikuwa linaongea, Mwalimu."

"Wengine hawakulisikia. Mwenyewe pia anasema hakulisikia."

"Huyo anadanganya, Mwalimu."

Alikaza midomo, akaangalia upande wa majani chai, na nikaona mabega yanatikisika. Halafu akasema, "Una masikio wewe. Kuja Ijumaa saa kumi. Nina kiti."

Nilifikiri ni adhabu. Nyumbani walifurahi kupita kiasi. Mama alisema, "Tutapata angalau saa moja kwa wiki."

Sasa sikizeni ufundi, kwa sababu hakuna mwingine atakayewaambia.

Kwanza mlango. Bawaba za mlango wetu zililia kama mbuzi aliyeachwa. Niliweka mafuta ya kupikia, wakaja sisimizi, na sisimizi wakaingia kwa soksi za wazee. Saa hiyo yote watu walikuwa wanajikuna kiroho. Tumia grisi ya pikipiki. Mwombe fundi wa bodaboda pale stendi, kijiko kimoja kinamaliza muhula. Siku hizi ule mlango ukifunguka hujui kama umefunguka mpaka uhisi baridi shingoni.

Benchi la tatu upande wa akina mama lina mguu mfupi. Chini yake kuna kipande cha ndara ya bluu. Kikipotea, tafuta kingine kabla ya saa kumi, usingoje mtu akae.

Wavunaji wanakuja kutoka shambani moja kwa moja, wamejifunga karatasi ya nailoni kiunoni ili umande usiwaloweshe. Hiyo karatasi ikisuguana utafikiri mtu anakula kripsi gizani. Iachwe nje kwenye misumari. Gamibuti pia ziachwe nje, na soksi ya mtu ikiwa na tundu hujaiona.

Kuku akiingia, mwache asali. Nilimfukuza mara moja. Tulizunguka altare yote, yeye akipiga kelele na mimi nikimwambia anyamaze. Aliposhika njia ya kutoka, aliyekuwa ameharibu sala hakuwa kuku.

Mtoto akilia mgongoni mwa mama yake, usifanye "shhh." Shhh ni kelele iliyovaa suti. Sema "Kira," vile nyanya yako alikuwa anakwambia unyamaze akikubeba. Iseme chini, iseme mara moja. Ukiirudia umekuwa wewe ndiye mtoto.

Mvua ikipiga mabati huna la kufanya, kaa. Ila nawaambia kitu ambacho kilinichukua muda kukijua: siku ya mvua ndiyo watu hulia. Wamengoja wiki nzima ipige kwa nguvu ndipo waachilie. Utaona tu mabega. Usigeuze shingo kutafuta ni nani, hata kama ni mwalimu wako. Hata kama ni mama yako. Mimi niliona mabega ya mama yangu siku moja, nikaangalia kipande cha ndara mpaka saa kumi na moja. Jioni tulikula ugali na mboga ya chinsaga, tukabishana kuhusu chumvi, na sikuuliza.

Na anayelala, usimwamshe. Hiyo ndiyo sheria kubwa. Niliivunja Ijumaa yangu ya pili. Kuna omong'ina Nyaboke, yule bibi wa kitambaa cha kijani, ambaye akifika hupiga ishara ya msalaba na kabla hajafika kwa Roho Mtakatifu ameshalala. Anakoroma. Nilienda kwa vidole, nikamgusa bega. Aliruka, akasema kwa sauti, "Nani amekufa?"

Mwalimu alinitoa nje. Nikamwambia, "Mwalimu, amelala mbele ya Mungu!"

"Wewe ulikuwa unataka alale mbele ya nani?"

Nikachungulia ndani; bibi alishaanza kukoroma tena.

Akanikalisha kwenye ngazi. Kabla ya ukatekista Mwalimu alifanya kazi kiwandani, ile sehemu ya juu ambapo majani hufikia. Akanieleza kwamba majani mabichi hayapelekwi mbio kwenye mashine ya kukata. Yanamwagwa kwenye vitanda virefu, hewa inapita chini yake, yanalala hapo mpaka yanyauke.

"Na ukiharakisha?" nikauliza.

"Yana maji. Utapata majani yaliyopondwa. Chai hutapata." Akaonyesha mlango kwa kidevu. "Hao watu wote wameingia na maji. Kazi yako ni hewa ipite. Usiwageuze geuze."

Kusema kweli, muhula wa kwanza mimi mwenyewe sikusali hata kidogo. Nilikuwa natunga vichekesho vya Jumatatu. Kimya kile kilikuwa kizuri kwa kutunga. Nikachunguza vichogo vya watu wote, nikavipa majina. Nikijaribu kusali, nasali kwa maneno mengi kama mtu anayeuza sabuni: Bwana nipe hiki, Bwana ona kile, Bwana umesikia ya Mwalimu wa hesabu?

Halafu kuna Ijumaa nilifika nimegombana na kila mtu, nyumbani na shuleni. Nikakaa kitini nikaanza kumweleza Mungu. Nikaeleza, nikaeleza, nikawashtaki wote kwa majina. Mahali fulani katikati maneno yakaisha. Yaliisha tu, kama chaji. Nikangoja nione kama yatarudi. Kiwanda kilikuwa kinanguruma kwa mbali, upepo ulikuwa kwenye mikaratusi, mtu mmoja alikohoa. Nikashangaa kwamba nimenyamaza na bado nipo. Na kwamba niliyekuwa nikimwambia, naye bado yupo, hajaondoka kwa sababu hotuba imekwisha. Sina namna nzuri ya kulisema hilo, na nikilisema zaidi nitaliharibu. Vichogo sikuvipa majina tena. Karibu vyote.

Haya, tuje kwenye simu, najua ndiyo mnaitaka.

Wazo lilikuwa langu. Simu zilikuwa zinalia ndani, watu wanajipapasa kama wameingiwa na nyuki. Nikaleta kutoka nyumbani kikapu cha kuchumia majani, nikasimama nacho mlangoni: kila mtu aweke simu. Wakaweka. Nikakiacha barazani na kukifunika na karatasi ya nailoni kwa sababu kulikuwa na manyunyu. Vizuri sana. Ila baraza lile lile ndilo akina mama huweka vikapu vyao vya majani wakipitia kanisani kabla ya kwenda kupima. Na vyote hufunikwa na nailoni.

Mama Callen aliwahi kutoka siku hiyo kwa sababu alisikia lori la kiwanda linakuja. Alikuwa na vikapu viwili. Alitoka akachukua viwili. Kimoja kilikuwa chake.

Mimi nilikuwa kitini nimetulia kama picha.

Yaliyotokea kwenye kituo cha kupimia majani nilisimuliwa na watu wengi na kila mmoja aliongeza chumvi, lakini kiini ni hiki. Karani wa kupima majani, Mogire, alikitundika kikapu kwenye mizani. Akakiangalia.

"Mama Callen, haya majani mbona yanagongana?"

"Ni kavu kidogo. Ni jua."

"Jua gani na kumenyesha?"

Kikapu kikalia. Wimbo wa injili, sauti ya juu kabisa. Foleni yote ikarudi nyuma. Mogire akakimwaga kwenye meza ya kuchambulia, simu zikatawanyika, mbili tatu zikaanza kulia pamoja. Naye Mogire, kwa kuwa ni mtu wa kazi, akapokea iliyokuwa karibu.

"Haro, hapa ni kituo cha majani."

Ilikuwa simu ya bwana mmoja yuko Nairobi, anamtafuta mkewe.

"Wewe ni nani? Bibi yangu ako wapi?"

"Bwana, mimi ni karani. Bibi yako simjui, lakini simu yake nimeipima."

"Umefanya nini?"

Hapo Mama Callen akampokonya simu akamwambia yule bwana kwa nia njema, "Usijali, shemeji, bibi yako ako kanisani amenyamaza." Mtu wa Nairobi akiambiwa hivyo na sauti asiyoijua anaelewa kwamba mke wake amekufa. Akaanza kulia. Akampigia kaka yake, kaka akapigia ukoo. Kabla ya saa kumi na moja kulikuwa na watu wawili watatu njiani wanakuja matanga.

Mogire akabeba kikapu kukirudisha. Nilimsikia tangu kwenye kona, maana kikapu kilikuwa kinaimba. Nikasimama. Alikuja amekasirika, kofia nyuma, mdomo tayari umefunguka. Akachungulia ndani.

Alidhani kanisa ni tupu, aliniambia baadaye, kwa sababu hakusikia kitu. Kumbe watu walikuwepo, mabenchi kadhaa, vichwa chini, na hakuna aliyegeuka, ingawa nusu yao walizijua simu zao kwa mlio. Mogire akafunga mdomo. Kikapu kikaanza tena. Akakaa kwenye ngazi, akavua jaketi, akakifunika, akakikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa mpaka kikanyamaza. Saa ilipoisha alikuwa bado amekikumbatia.

Jumapili baada ya misa ikawa mkutano, barazani pale pale. Mwenyekiti alikuwa amejiandaa siku hiyo, na mkewe, kiongozi wa kwaya, amekaa pembeni na faili la nyimbo.

"Watu wamelia Nairobi," akasema. "Ukoo umevaa nguo za matanga. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya watu kukaa bure. Kwaya haina mahali pa kufanyia mazoezi, na mashindano ya parokia hayo yanakuja. Mungu huimbiwa. Nani alisikia Mungu akinyamaziwa? Na mlinzi mwenyewe mmemwona? Redio! Mmempa fisi kulinda nyama."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, ilikuwa nzuri. Lakini nilimwangalia Mwalimu Ombati nikaona hacheki, na mikono yake imeshikana ndani ya koti. Ile saa aliianzisha yeye akiwa kijana. Hakuwa na kitu kingine alichokiita chake pale kigangoni. Nikangoja aitetee. Hakusema. Alinyamaza mpaka watu wakaanza kukohoa.

Omong'ina Nyaboke ndiye aliyesimama. "Mwenyekiti, kwangu kuna wajukuu, kuna ng'ombe, kuna kinu cha jirani, kuna redio, ile ya betri na hii ya miguu." Akanionyesha. "Hapa ndipo ninaponyamaziwa."

"Lakini, mama, wewe hulala!"

"Nalala. Nikiamka nakuta nimesamehe mtu. Kwangu nikilala naamka bado nimemkasirikia."

Kisha Mogire akainua mkono kutoka nyuma. Hakuna aliyejua kwamba amekuja.

"Mimi si wa hapa. Mimi ni Msabato."

"Sasa Msabato anatafuta nini kwa mkutano wetu?"

"Nimeleta chaja moja ilibaki mezani." Watu wakacheka tena. Akasubiri. "Na nilitaka kusema hivi. Kwetu Ijumaa ni siku ya matayarisho. Jua likizama Sabato imeingia. Miaka yangu yote kwenye hii kazi Sabato inanikuta bado nagombana na watu juu ya majani. Ijumaa hii ilinikuta nimetulia. Nimekaa kwenye ngazi yenu na kikapu cha simu, lakini nimetulia. Sasa mkifunga, mimi nitaenda wapi?"

Mwenyekiti si mtu mbaya, msimwandame. Alikuna kidevu akaangalia faili la mkewe. Ndipo akatoa lile sharti: saa ibaki, ila siku kiti kitakapokosa mtu, basi, kwaya inaingia. Mogire mpaka leo huja kila Ijumaa lori likiwahi, hukaa kwenye ngazi, na hutoka kabla jua halijagusa kilima.

Kikapu nilikibadilisha. Tumieni karai la plastiki la rangi ya waridi. Hakuna mtu duniani atakayelipeleka kupima.

Mwaka jana macho ya Mwalimu yalizidi kuharibika, binti yake akamchukua Kisii mjini, ghorofani juu ya maduka. Siku alipoondoka alinipa mkono tu. Nilikuwa nimeandaa kichekesho, nikakisahau. Ijumaa iliyofuata, saa kumi kasoro, kabambe yangu ikaita, ile simu ndogo ya vitufe.

"Redio, umekaa?"

"Nimekaa, Mwalimu. Mjini kukoje?"

"Nina honi. Nina mhubiri na spika. Nina mtu anauza dawa ya panya na kipaza sauti, anarudia jina la panya kuliko la Mungu. Sasa fanya hivi. Weka simu kwa kiti, kando yako. Usikate. Na usiseme kitu."

Kwa hivyo simu moja iliruhusiwa. Kila Ijumaa saa kumi Mwalimu hupiga, anayekaa mlangoni hupokea mara ya kwanza tu inapotetemeka, huiweka pale, na mzee huyo anasikiliza kanisa lake likinyamaza kwa saa nzima. Kampuni ya simu nadhani inashangaa watu hawa wanaongea nini.

Sasa nyinyi. Wiki nzima iliyopita niliwazungukia, msijifanye mmesahau. Nilianzia kwa nyinyi wa gredi ya tisa, nikawaeleza kila kitu mpaka habari ya simu ya Mwalimu.

"Redio, kuna cheti?"

"Hakuna."

"Tunaweza kuandika kama huduma kwa jamii? Mwalimu wa darasa atupige picha tukifanya?"

"Picha ya mtu amekaa?"

"Na mtu anafanya nini hasa?"

"Anakaa."

"Hiyo si kazi, Redio, hiyo ni kuwa gunia la chumvi." Na mkakimbia uwanjani, mmoja wenu akipiga chafya njia yote.

Ijumaa ikafika. Nilipaka grisi mara ya mwisho. Nikakagua ndara ya bluu. Nikaweka karai la waridi barazani, nikaweka kabambe katikati ya kiti, na nikaingia ndani. Miaka yote hiyo sikuwahi kukaa mbele. Nikaenda mpaka benchi la kwanza, nikapiga magoti, nyuma yangu kiti kitupu. Mke wa Mwenyekiti alikuwa amekuja siku hiyo, amekaa karibu na dirisha, faili lipo mapajani. Hakuwa na ubaya. Alikuja kuona tu.

Na sheria mnaijua: mtu wa ndani hageuki.

Mlango wenyewe nimeupaka grisi mimi, hauwezi kuniambia kitu. Nikasikiliza kwa masikio haya yaliyosikia tumbo. Sikusikia hatua. Nikasikia kiwanda, nikasikia omong'ina Nyaboke ameanza. Kisha kabambe ikatetemeka juu ya mbao. Drrrr. Ikitetemeka mara ya pili kanisa zima litaruka, Mwalimu atajua, faili litafunguliwa.

Haikutetemeka mara ya pili.

Sikujua kama imepokelewa au mtandao umekata. Nilikaa nimekaza shingo mpaka ikauma. Nikawaza nigeuke kidogo tu, kwa jicho moja. Nikakumbuka vitanda virefu vya kiwandani. Nikaiachilia shingo. Nikamwambia Mungu, haya, ni yako hii, kama kuna mtu kuna mtu. Na baada ya hapo maneno yakaisha.

Nilipofungua macho kanisa lilikuwa tupu. Taa nyekundu tu. Mate yangu yalikuwa kwenye benchi. Mabenchi yamenyooshwa, misumari barazani haina nailoni, karai la waridi limegeuzwa likauke. Kwenye kiti palikuwa na kabambe, na ilikuwa na joto la mkono.

Nikampigia Mwalimu.

"Mwalimu, kulikuwa na mtu mlangoni?"

"Alikuwepo."

"Ni nani?"

"Nitajuaje? Hakusema kitu. Ila ana mafua. Anavutia pua ndani, halafu anakumbuka, anangoja." Nyuma yake yule wa panya alikuwa anaendelea. "Atajifunza. Lakini Redio, kuna mwingine huko mbele alikuwa anakoroma kuliko Nyaboke. Huyo ni nani?"

"Huyo simjui, Mwalimu."

Ningeweza kuuliza watu waliokuona. Sijauliza. Kwa hivyo wewe mwenye mafua, yaliyobaki ni yako peke yako. Ulipokea mara ya kwanza, ulifunga mlango, na uliniona nimelala mbele ya kila mtu, mimi Redio, ukaniacha. Mengine ni grisi tu.

Ijumaa beba leso.